Sauti ya Mtoto na Umaskini Wake

Twataka kuuliza swali juu ya kazi ambayo watu wote huisifu, nayo ni kazi ya kulea kundi la vijana wapiga vyombo. Katika sharika nyingi, hasa kule Kilimanjaro, vikundi vya tarumbeta vimekuwapo siku nyingi, nanyi mwajua jinsi sauti yake inavyopanda migombani asubuhi ya Pasaka. Mahali pengine, mijini hasa, wako watu wanaokusanya watoto na kuwafundisha fidla na zumari na vyombo vinginevyo, mpaka wapate kundi kamili liitwalo okestra. Watu hao hawatafuti faida yoyote. Wataka mtoto wa jirani ajue kupiga pamoja na wenziwe, basi.

Walakini kundi la namna hiyo halijilishi, na wanaoliongoza huwa waombaji tangu siku ya kwanza. Ndipo swali letu linapozaliwa. Mtu aombaye kwa ajili ya watoto, je, ana haki ya kuwaonyesha watu umaskini wa watoto hao ili mifuko ifunguke?

Kwanza na tutazame gharama, maana asiyezijua hawezi kuwahukumu waombaji kwa haki. Wengi hudhani ya kuwa chombo kikiisha kununuliwa kazi imekwisha. Sivyo. Fidla ina nyuzi nne, nazo hukatika. Upinde wake hutandwa singa za mkia wa farasi, nazo hulegea. Tena hauna budi kupakwa utomvu mkavu, la sivyo hautoi sauti. Ulimi wa zumari ni tete nyembamba, nayo hupasuka upesi. Zaidi ya hayo, mtoto hukua. Fidla hufanywa kwa vipimo, ya robo, ya nusu, ya robo tatu, na ile kamili ya mtu mzima; mtoto wa miaka saba akianza na ile ndogo, haipiti miaka mingi mkono wake umeishinda. Kwa sababu hiyo makundi mengi hayampi mtoto chombo kiwe chake, humwazima tu. Akikua hukirudisha, na aliye mdogo kuliko yeye hukipokea. Desturi hii twaipenda sana, kwa kuwa yamfundisha mtoto ya kwamba kitu kizuri chaweza kupita mikononi mwake bila kuwa mali yake. Lakini mwenye kundi hana budi kuwa na vyombo vya vipimo vyote daima, na akose kimoja tu, kuna mtoto atakayekaa akitazama. Tena yuko mwalimu, ambaye hawezi kula nyimbo.

Gharama za namna hii hazina mwisho. Mtu aombaye bati za kuezeka kanisa huomba mara moja, akaezeka, akanyamaza. Mwombaji wa okestra huomba mwaka hata mwaka, na watu huchoka naye. Naye huona ya kuwa watu waliochoka kusikia habari za nyuzi na pinde hawajachoka kusikia habari za njaa. Akitia katika barua yake picha ya mtoto asiye na viatu, majibu huja. Hapo mtego umekwisha kutegwa, na aliyeutega hakuwa mtu mbaya.

Desturi ya mtoto kuimba ili apate mkate ni ya zamani, nayo yatuhusu sisi Walutheri kuliko wengine. Katika miji ya Ujerumani wanafunzi maskini walikuwa wakienda kwa vikundi mlango kwa mlango, wakiimba, na wenyeji wakiwapa vipande vya mkate. Martin Luther mwenyewe alifanya hivyo alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Eisenach, alikofika mwaka 1498. Mwaka 1530, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mashuhuri, aliandika kitabu cha kuwahimiza wazazi wasiwatoe watoto wao shuleni, na ndani yake aliwaonya wasiwadharau vijana wanaoomba mkate milangoni, kwa kuwa yeye pia alikuwa mmoja wao. Angalieni neno hili. Habari ya umaskini wake twaijua kwa sababu aliisema yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima, kwa kusudi alilolichagua yeye, na mbele ya watu waliokuwa wakimheshimu tayari. Pale mlangoni alipokuwa mtoto, kazi yake ilikuwa kuimba.

Basi tangu hapa twaweza kuona ya kuwa liko jambo moja, mtu kuusema umaskini wake mwenyewe, na liko jambo jingine, mtu kusemewa umaskini wake na wengine.

Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, palikuwapo tangu karne ya 14 nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, iitwayo Ospedale della Pietà. Wasichana wa nyumba hiyo waliokuwa na kipaji walifundishwa kuimba na kupiga vyombo, na sifa yao ikaenea Ulaya. Mwaka 1703 padri mmoja, Antonio Vivaldi, aliajiriwa kuwafundisha fidla, naye akawatungia kazi nyingi zinazopigwa hata leo. Wazee wasimamizi walikuwa wakipiga kura juu yake, aendelee au asiendelee. Mwaka 1709 wakamwacha, na mwaka 1711 wakamrudisha. (Twalitaja hili kwa faraja ya walimu wa kwaya wanaosumbuka na kamati zao.)

Wageni walikuja kusikia, wakatoa fedha, na fedha hizo zikasaidia nyumba. Lakini wasichana walipiga wakiwa juu ghorofani, nyuma ya wavu wa chuma, hata watu wakawasikia wala wasiwaone vema. Wageni wengine walinung'unika kwa hiyo. Wavu ule uliwekwa kwa ajili ya adabu ya siku zile, wala hatuusifu. Hata hivyo ulifanya kazi nyingine ambayo labda waliouweka hawakuifikiri. Uliwalazimisha watu kutumia masikio. Kila mtu mjini alijua ya kuwa hao ni watoto waliotupwa, jambo hilo halikufichwa. Ila mgeni hakuweza kufungua mfuko wake kwa sababu ya uso wa huzuni, maana uso haukuonekana. Alisikia fidla ikipigwa vizuri au vibaya.

Tena fikirini majina yao. Wasichana hao hawakuwa na jina la baba, basi waliitwa kwa jina lao la ubatizo pamoja na kazi yao. Aliyesifiwa kuliko wengine aliitwa Anna Maria wa Fidla. Aliletwa pale akiwa mtoto mchanga, akawa mpigaji na mwalimu, akafa mwaka 1782 akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi. Jina alilojulikana nalo Ulaya lilitoka katika kazi ya mikono yake. Hatusemi ya kuwa maisha ya nyumba ile yalikuwa mema katika kila jambo. Msichana akiolewa alikatazwa kupiga tena mbele ya watu, na hiyo ni hasara kubwa kwake na kwa waliomsikia. Twasema jina tu.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Mwaka 1891, katika mji wa Charleston huko Marekani, mchungaji mmoja mweusi wa Kibaptisti, Daniel Jenkins, alianza nyumba ya yatima weusi. Mji ulimpa msaada mdogo usiotosha. Akaomba watu vyombo vya zamani, akapata sare kuukuu za chuo cha kijeshi cha mji ule, akatafuta walimu, na watoto wakaanza kupiga barabarani huku kofia ikipitishwa. Walisafiri mbali wakipiga. Mwaka 1895 Jenkins aliwapeleka London, na huko wakazuiwa, kwa kuwa sheria ya Uingereza ilikataza watoto wadogo kutumiwa barabarani kwa kupata fedha. Hata hivyo bendi ile iliendelea miaka mingi. Mwaka 1905 ilipiga katika maandamano ya kuapishwa kwa Rais Theodore Roosevelt, na mwaka 1914 ikaonekana tena London katika maonyesho makubwa. Ndimo walimotoka Jabbo Smith na Cat Anderson, wapiga tarumbeta mashuhuri; huyo wa pili alipiga miaka mingi katika bendi ya Duke Ellington.

Je, Jenkins alikosa? Watoto wale walijilisha wenyewe, wakawalisha na wadogo wao waliobaki nyumbani, kwa pumzi za vifua vyao. Watazamaji walipenda hasa kumwona mtoto mdogo kabisa akisimama mbele na kucheza kwa kuchekesha huku akiongoza bendi, na mtu akisoma habari hiyo leo huona uchungu. Lakini mji uliotoa fedha kidogo namna ile haukuwa na haki ya kumwuliza kwa nini watoto wako barabarani. Twaona ya kuwa hakimu wa London aliitazama sheria yake sawasawa, na Jenkins aliyatazama matumbo ya watoto sawasawa, na aliyekosa hakuwapo katika chumba kile cha hukumu.

Sasa twafika katika siku zetu. Kandokando ya Asunción, mji mkuu wa Paraguay, liko jalala kubwa liitwalo Cateura, na watu wanaokaa karibu nalo hulipekua takataka ili wapate vitu vya kuuza. Favio Chávez alifika hapo mwaka 2006 kwa kazi ya mambo ya mazingira. Kwa kuwa alijua muziki, alianza kuwafundisha watoto, na watoto wakawa wengi kuliko vyombo. Akamwendea Nicolás Gómez, mmoja wa waokotaji aliyekuwa na mikono ya ufundi, nao wakaanza kufanya vyombo kwa vitu vya jalalani: fidla za makopo na masinia na uma za mezani, fidla kubwa ya sauti nene iliyofanywa kwa pipa la mafuta, saksafoni ya bomba la maji yenye vifuniko vya chupa na sarafu mahali pa vibonyezo. Chávez ameeleza ya kuwa huko fidla ya mbao ina thamani kuliko nyumba ya mtu, na mtoto akienda nayo nyumbani si salama. Lakini fidla ya bati hakuna mwizi aitamaniye. Hekima hiyo twaistahi. Haikuwa maonyesho, ilikuwa haja.

Kisha dunia ikasikia. Mwaka 2012 picha fupi za filamu juu yao zilienea nchi nyingi. Mwaka 2014 vijana walisafiri Amerika ya Kusini pamoja na bendi kubwa ya Metallica, na mwaka 2015 filamu yenyewe ikatoka. Watu wengi waliguswa wakatoa fedha na vyombo. Nani atakayelaumu?

Lakini tumfikiri mtoto mmoja wa kundi lolote la namna hii. Amejifunza miaka mitano kwa fidla ya bati. Vidole vyake vimekomaa, naye amefikia mahali ambapo bati haliwezi tena kumfuata. Mfadhili ameleta fidla ya mbao. Mwalimu ye yote ajuaye kazi yake atamwambia, Chukua ya mbao. Walakini usiku wa maonyesho watu wamelipa kiingilio ili waone bati. Akipanda jukwaani na fidla ya mbao, amevaa viatu, akipiga vizuri, amekuwa mpiga fidla kijana kama wengine elfu, na kiti kitupu kitaonekana mwaka ujao. Hatuwanyoshei kidole viongozi wa Cateura. Swali hili ni la kila kundi lililoanza kwa kuomba kwa jina la dhiki. Kundi laomba ili watoto watoke katika dhiki, tena lahitaji dhiki ibaki ili liombe. Kadiri mtoto anavyoendelea mbele, ndivyo barua ya kuomba inavyopungua nguvu.

Na kwetu Afrika Mashariki swali hilo liko. Korogocho, mtaa wa Nairobi ulio karibu na jalala la Dandora, tangu mwaka 2008 watoto wamekuwa wakifundishwa fidla na tarumbeta katika kundi liitwalo Ghetto Classics. Jina lenyewe lasema ya kuwa ni kundi la mtaa wa maskini. Mtu aweza kulisikia kama fahari, aweza kulisikia kama ombi, na pengine ni yote mawili kwa pamoja. Kijana wa mtaa ule akilisema kwa kinywa chake mwenyewe, twasikia fahari.

Wako watakaotujibu kwa mithali ya wazee, Mficha maradhi kifo humfichua. Watasema, umaskini si aibu, kwa nini kuuficha? Atoaye ana haki ya kujua fedha yake yaenda kwa nani. Neno hilo lina uzito. Sisi twajibu hivi: kuna watu wanaopaswa kujua, na kuna watu wanaopenda kujua. Mtunza fedha wa kundi, anayeamua ni mtoto gani asitozwe ada, hana budi kuijua nyumba ya mtoto huyo, naye aishike habari hiyo kama mchungaji anavyoshika aliyoambiwa faraghani. Mfadhili wa mbali hahitaji kujua ya kuwa baba wa mtoto ni mlevi. Ahitaji kujua nyuzi zilinunuliwa ngapi, mwalimu alilipwa nini, watoto wangapi walikuja Januari na wangapi wamebaki Desemba. Hesabu hizo ni kavu, tena hazitoi machozi, lakini ni kweli zaidi juu ya kundi kuliko picha ya mguu mtupu.

Liko na jambo jingine ambalo wapenzi wa watoto hawalifikiri sana. Anayesikiliza kwa huruma hupiga makofi hata fidla ikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Adhani amemtia mtoto moyo. Lakini mtoto yule masikio yake yamefundishwa. Alijua alipokosa sauti, na sasa ajua pia ya kuwa wale mbele yake hawakuwa wakisikiliza. Amenyimwa kitu alichokifanyia kazi, yaani msikilizaji. Katika okestra kila mtoto hujifunza kumsikiliza jirani yake kabla ya kupiga, asimtangulie wala asimwache nyuma. Ni vibaya watu wazima walio mbele yake wawe ndio peke yao wasiosikiliza.

Kwa hiyo twaona ya kuwa barua ya kuombea kundi na iandikwe hata iweze kusomwa kwa sauti mbele ya mtoto anayetajwa na mbele ya mama yake, bila mmoja wao kutazama chini. Wazazi nao wasiachwe kando kama watu wasio na kitu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mama aliyeleta mzigo wa kuni za kuchemshia chai siku ya mazoezi, au baba aliyeshona mfuko wa kuchukulia tarumbeta, hukaa kwa namna nyingine siku ya kusikiliza. Yeye si mpokeaji, ni mwenye kundi.

Tena hatutaki kuwadanganya wasomaji. Barua ya namna hiyo huleta fedha kidogo. Tuseme barua ya machozi ingeleta fidla thelathini, na barua ya adabu yaleta kumi. Watoto ishirini watarudi nyumbani. Hapo ndipo panapotuuma, wala hatuna jibu la haraka. Heshima ya watoto kumi yaweza kuonekana kuwa anasa iliyolipwa na ishirini waliobaki mlangoni. Na mama wa mmoja wao akija kusema, Chukueni picha ya mwanangu, waandikieni hata hao wa mbali ya kuwa hatuna kitu, mradi apate fidla, nani kati yetu atamwambia ya kuwa hajui heshima ya mwanawe? Ridhaa ya mwenye njaa si huru kabisa, hilo twalijua. Lakini kumnyamazisha kwa ajili hiyo ni kumdharau mara ya pili. Sisi twamwelekea mtoto, maana mama husema leo, na picha itakuwako miaka ishirini ijayo, wakati mtoto atakapokuwa mwalimu au fundi au mzee wa kanisa, na wanawe wataiona. Twakiri ya kuwa mtu mwema aweza kuamua kinyume chetu.

Ila neno moja twalisema bila shaka, nalo latuhusu sisi tusio viongozi wa kundi lolote. Usharika unaowasikia vijana wake kila Pasaka na kila Krismasi, ukafurahi, ukaenda nyumbani kula, wala haukuuliza hata mara moja uzi wa fidla wauzwa kiasi gani au mdomo wa tarumbeta ulinunuliwa na nani, umemfungia kiongozi wa vijana mlango wa karibu. Hana budi kuugonga ule wa mbali, na kule mbali hawazijui nyimbo zake, huijua huruma tu. Kama kila mtaa wa usharika ungeshika chombo kimoja, nyuzi zake na matengenezo yake, kwa mwaka mzima, barua nyingine zisingeandikwa kabisa. Mpaka hapo yule kiongozi ataendelea kukaa usiku baada ya mazoezi, taa ikiwaka, barua imekwisha kuandikwa na hesabu zote zimo, na picha ya mtoto i mezani kando ya bahasha, naye hajaamua kama aitie ndani.